Kamera ya mtumba: kagua shata kwanza
Kama bajeti imebana, achana na kamera mpya za bei ya kutupa, tafuta DSLR ya mtumba, yaani kamera yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha. Nikon D3300 ya mwaka 2014 ina megapikseli 24, zinatosha hata kwa picha kubwa ya ukutani. Kabla hujalipa, piga picha moja, ifungue kwenye kompyuta kwa programu inayosoma taarifa za ndani ya picha, usome idadi ya mipigo ya shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga picha. Nikon huiandika ndani ya faili lenyewe. Shata ya D3300 ilijaribiwa kwa mipigo 100,000, kwa hiyo ikikaribia hapo dai punguzo kubwa au iache. Lenzi imulike kwa tochi: ukiona utando wa kuvu, ambao hupenda unyevu wa pwani, usinunue kabisa. Vumbi dogo lisikutishe, linasafishika.