Unataka kugeuza gari mzee iwe ya rali? Anza na bodi, injini itangoja

Tangu Safari Rally irudi kwa ubingwa wa dunia mwaka 2021, kila ikipita Naivasha wiki inayofuata simu yangu haipumziki. Vijana wametoka huko na vumbi bado liko kwa masikio, wameona magari yakiruka pale Kedong, na ghafla kila mtu ana mjomba mwenye gari mzee imelala shambani Molo au Kitale, na swali linakuwa moja tu, niweke injini gani? Mimi najibu vile vile kila mwaka. Wachana na injini. Lala chini na tochi uangalie bodi.

Injini imechoka unaifungua, hedi inaenda kusagwa, ringi na bearing mpya, gasketi, imekwisha. Lakini bodi imeoza hiyo ni kidonda, unachomelea hapa inatoboka pale, na siku utaitupa kwa mawe ya Elmenteita inapasuka mahali fundi hajawahi kufikiria. Nimeona gari imevuka mstari na milango haifunguki kwa sababu bodi yote imejikunja, dereva ikabidi atokee dirishani, na injini ilikuwa inanguruma safi kabisa.

Sasa, gari gani. Ile ndoto ya kuagiza Impreza ya 1996 kutoka Japani sahau, sheria yetu hairuhusu gari iliyopita miaka 8 kuingia, kwa hivyo unatafuta zile ziko ndani ya nchi tayari. Mimi nilichukua Datsun 160J ya 1979 na nikiri tu nilinunua kwa moyo, manake hiyo familia ndio Shekhar Mehta alishinda nayo Safari mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982. Kwa upande wa ufundi si gari mbaya ya kuanzia, inasukuma na magurudumu ya nyuma, ekseli ya nyuma ni moja nzima, injini ni L16 ya cc 1595, kabureta, cheni badala ya belti, hakuna kompyuta ya kukusumbua porini. Shida ni spea. Ukinunua kwa akili kuliko moyo, chukua Corolla au Impreza zile za zamani, spea zake unazikanyaga.

Hata usiniamini, jipimie mwenyewe. Kabla hujalipa hata deposit andika vitu vitano, sahani ya kilachi, bearing za gurudumu la mbele, bolu jointi, pampu ya maji na masta silinda ya breki. Nenda nayo Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, uliza maduka matatu. Kitu ukiambiwa "kuja kesho" hesabu ni kama hakuna. Zinazokosekana zikifika mbili kati ya tano, rudi nyumbani ufikirie upya. Mimi yangu zilikosekana tatu na bado nikanunua, sasa unajua nyinyi mnasoma maneno ya mtu wa aina gani.

Siku ya kuangalia gari enda asubuhi, na usikubali ikiwa imeoshwa na imelowa kwa sababu maji yanaficha kila kitu. Beba bisibisi ya zamani, tochi na sumaku, hiyo ya spika iliyokufa inatosha, ifunge kwa leso isikwaruze rangi. Pitisha sumaku polepole chini ya milango, pale unapokanyaga ukiingia, kisha matao ya magurudumu, kisha kona za sakafu ya buti. Ikishika, hapo kuna bati. Ikiteleza ianguke, hapo kuna pati ya fundi na rangi juu yake. Yangu ilianguka upande wa dereva mara mbili, nikasukuma bisibisi kidogo tu ikaingia mpaka mpini, mwenye gari akaangalia pembeni akaanza kuongea habari ya mvua. Bei ilishuka hapo hapo. Gari imekaa Mombasa miaka mingi ikague mara mbili, chumvi ya bahari haina huruma. Zile za shamba za huko juu mara nyingi bati yake ni nzima ingawa kuku wamelala kwa kiti.

Fungua boneti uangalie pale juu shokapu inaposhikilia bodi, ukiona ufa, au weldi mpya iliyopakwa rangi haraka haraka, uliza iligongwa na nini. Alafu pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kushoto na kulia. Zikitofautiana sana hiyo gari inatembea upande kama kaa, na hakuna shokapu ya bei yoyote itainyoosha.

Karatasi watu hupuuza. Linganisha namba ya chasi na logbuku kwa macho yako si kwa picha ya WhatsApp, fanya search ya NTSA, wale wa usajili wa magari, na hakikisha aliyeandikwa hapo ako hai. Sicheki. Hizi gari za shamba nyingi bado ziko kwa jina la marehemu, na bila familia kwenda kortini kupata hati za kusimamia mali huwezi kuhamishiwa. Utapata mtoto mmoja anakuuzia, unamaliza kuchomelea keji, ile fremu ya paipu ndani ya gari inayokulinda ukibiringika, alafu mwingine anatokea kutoka mjini anasema gari ya mzee haikuuzwa. Na usidhani ni gari ya mashindano kwa hivyo karatasi si lazima, kati ya stage moja, yaani kipande cha barabara cha kushindania, na nyingine unaendesha barabara ya kawaida na matatu na bodaboda, kwa hivyo namba, taa, waipa na bima lazima ziwe sawa. Bima hiyo ya kawaida ujue haigusi kitu ukibiringika ndani ya stage.

Haya umeileta nyumbani. Toa kila kitu. Viti, zulia, dashibodi, vioo, nyaya, mpaka ile lami nyeusi wamebandika sakafuni kuzuia kelele, hiyo unaipasha moto unaibandua na chepeo ya rangi na ni kazi ya kulaaniwa, mimi ilinichukua wikendi tatu na mgongo. Piga picha nyaya kabla hujazing'oa na ufunge karatasi yenye jina kwa kila moja. Bati ikiwa wazi ndio utaona ukweli wote, kata kilichooza, weka bati mpya, si kiraka juu ya kiraka, alafu shona viungo vya bodi kwa weldi, unachoma sentimita mbili hivi unaruka unachoma tena, usichome mstari mzima kwa mpigo kwa sababu joto litapinda bati.

Sasa keji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndio nilipoliwa.

Keji ya kwanza nilitengenezewa na fundi mmoja wa jua kali, jamaa wa mageti na madirisha, weldi yake ilikuwa nzuri kama imechorwa. Nikaipaka rangi nikaringa nayo mtaani. Siku ya ukaguzi mkaguzi akaingia, akapitisha kucha ndani ya paipu pale mwisho ulikuwa wazi, akaniita nami niguse. Kulikuwa na mstari kama kovu. Hiyo ni paipu ya kukunjwa ikaungwa, ya geti. Sheria za FIA, shirika la dunia la mashindano ya magari, zinataka chuma kisicho na mshono, na ule upinde mkuu nyuma ya viti uwe kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Zile nyingine 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2. Paipu yenye mshono ikipigwa inafunguka kama ganda la njugu. Nilikata yote na grainda nikalia kidogo, mchana kweupe, mbele ya fundi.

Kwa hivyo nunua paipu mwenyewe na risiti na cheti chake, alafu tafuta mchomeleaji aliyewahi kutengeneza keji zikapita ukaguzi, omba kuziona. Miguu ya keji haikai juu ya sakafu tupu, kila mguu unataka kipande cha chuma cha unene wa milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita 120 za mraba, ili uzito usambae usitoboe bati kama kisigino kwa matope. Na uliza swali hili moja utajua kama mtu anajua kazi, utachomeleaje sehemu ya juu ya kiungo kinachogusa paa? Weldi inatakiwa izunguke paipu yote, na pale juu mkono hauingii. Anayebabaisha atakwambia "hapo hapaonekani". Anayejua atakwambia tunatoboa sakafu, tunashusha keji nzima chini kidogo, tunachoma juu, tunainua, ndio tunaweka zile sahani za miguu chini yake kuziba mashimo. Huyo ndio mpe kazi.

Keji ikiisha paka ndani yote rangi nyeupe. Si urembo, nitarudi hapo.

Viti na mikanda usinunue kwa macho. Kuna viti vya baketi vya mitumba vinapendeza sana, geuza uangalie lebo, vile vya FIA 8855-1999 maisha yake ni miaka 5 tangu kutengenezwa. Mikanda ina mwaka wa mwisho umeandikwa pale pale. Ongeza kizima moto, na swichi ya kukata umeme wote ambayo mtu wa nje anaweza kuivuta ukiwa umezimia. Mimi gari nilitoa 180,000, na keji ya pili, viti, mikanda na helmeti za watu wawili zilipita hiyo bei mara mbili, na bado gari haijasonga hata mita moja. Watu wengi wanaishiwa pesa hapa kwa sababu walianza na injini.

Chini ya gari, weka sampu gadi, ile ngao ya kukinga sampu, bakuli la oili chini ya injini, kabla ya kuwaza kabureta kubwa. Jiwe moja likipasua sampu mafuta yanamwagika na dakika mbili mbele injini imekufa. Alumini nene ya milimita 6 ni nzuri, chuma ni nzito lakini fundi yeyote wa kijijini anaweza kuinyoosha na nyundo, na iache tundu la kumwaga oili la sivyo kila service utaifungua yote. Paipu za breki na za petroli zipitishe ndani ya gari, zikipita chini mawe yatazikata.

Shokapu ndio mwendo wenyewe. Shokapu ya kawaida ya dukani kwa barabara mbovu inachemka, ukiigusa baada ya kilomita kumi na tano inachoma mkono, na hapo ndani haishiki tena, gari inaruka ruka kama mbuzi. Pesa ukipata weka hapa. Rimu za 160J ni za inchi 13 na tairi za changarawe za saizi hiyo ni kutafuta kwa tochi, nikaenda 15, matundu manne ya boliti kwa duara la milimita 114.3, hakikisha tu ukikata kona tairi haigusi bodi. Difu vijana huichomelea magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja, ni rahisi na inafanya kazi kwa changarawe, lakini inavunja hafu shafti, kwa hivyo beba za ziada na jifunze kubadilisha gizani.

Injini sasa. Iwe nzima, radieta kubwa na safi, na chujio la hewa lililozibwa vizuri kabisa na kuvuta hewa kutoka juu, kwa sababu lile vumbi laini kama unga wanaita fesh-fesh likipata mwanya linasaga silinda kama msasa. Baadaye sana ukitaka nguvu, L20B ya cc 1952 ni ndugu yake, bloku yake ni ndefu kidogo lakini inaingia. Mimi bado niko na L16 na bado kuna watu nawapita kwenye kona.

Ukiwa tayari usikimbilie rali ya siku mbili. Chukua leseni kupitia KMSF, shirikisho la mashindano ya magari Kenya, anza na autokrosi, saketi fupi, kitu kikivunjika unasukuma kwa mkono mpaka kwa trela. Navigeta, yule anayekaa kando yako akikusomea njia, mzoee huko huko, akitapika atapike karibu na nyumbani.

Na ukirudi usiioshe. Inua gari kwa stendi, tembea na spana boliti baada ya boliti, za viti, za ekseli, za sampu gadi, utapata zimelegea na utashangaa. Alafu ingia ndani na tochi, polepole, utazame ile rangi nyeupe. Bati ikianza kupasuka vumbi hupenya na kuacha kamstari kekundu kembamba kama unywele, kwa rangi nyeusi usingekaona mpaka siku ya siku. Yangu nilikapata nyuma ya kiti cha navigeta, sentimita nne hivi, nikakazungushia duara na kalamu, nikampigia fundi.