Somo: Ricoh GR III na Sony RX100 VII, jinsi ya kuzishindanisha kwa picha zako mwenyewe

Habarini za wakati huu. Swali la "ipi kali kati ya hizi mbili" nimeulizwa mara nyingi mno, nikaona bora niandike somo zima tumalizane. Zote mbili nimezitumia na zote mbili bado ninazo, kwa hiyo msitarajie nitaje jina moja halafu nifunge mjadala. Nitaonyesha namna ya kuzipima, na njia hii inafaa kwa kamera ndogo yoyote utakayoikuta mbele yako.

Tuanze na kinachojulikana. Zote zilitoka mwaka 2019, zote zinaingia mfukoni: Ricoh ina gramu 257 ikiwa na betri na kadi, Sony gramu 302. Baada ya hapo kila moja inashika njia yake. Ricoh ina lenzi moja isiyovuta, 28mm f/2.8 (namba ya f ni tundu la lenzi, ikiwa ndogo mwanga mwingi unaingia), na nyuma yake kuna sensa ya APS-C, saizi kubwa kwa kamera ya mfukoni, yenye megapikseli 24. Sony inavuta kuanzia 24mm hadi 200mm. Ikiwa pana ni f/2.8, ukiivuta hadi mwisho ni f/4.5, na sensa yake ni ya saizi inayoitwa inchi moja (ni jina tu, si kipimo chake halisi), megapikseli 20. (Sensa ninayoisema ni kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera, si ile ya kuhesabu watu.) Milimita za lenzi (zikiwa chache inaona pana, zikiwa nyingi inavuta mbali) nimeziandika kwa kipimo cha filamu ya 35mm ili tulinganishe vitu vinavyolingana. Pale nitakapotaka milimita halisi za kioo nitasema.

Hatua ya 1: Hesabu picha zako kabla hujagusa kamera

Fungua picha 200 za mwisho ulizopiga kwa simu. Usichambue, chukua zote kama zilivyo, na mbovu zake. Zigawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni zile ulizosimama ukapiga, zikatosha. La pili ni zile ulizokata pembeni baadaye ili kitu kionekane. La tatu ni zile ulizovuta kwa vidole viwili kwenye kioo mpaka picha ikawa kama uji.

Kamera kuu ya simu nyingi ina upana wa 24mm hadi 28mm hivi. Maana yake fungu la kwanza lote Ricoh ingelipiga, tena vizuri zaidi. Fungu la tatu ni la Sony. Fungu la pili ndilo lenye ubishi, na tutalirudia sasa hivi.

Mimi nilipohesabu, fungu la tatu lilikuwa na picha 31. Ishirini kati ya hizo zilikuwa za ndege mmoja juu ya waya wa umeme. Huyo ndege ndiye aliyenipeleka kununua Sony.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kukata picha

Watu wa Ricoh wana neno lao: "Nitakata tu, megapikseli 24 ni nyingi." Ni kweli, hadi mahali fulani. Kamera yenyewe ina mpangilio wa kukata hadi 35mm, unabaki na megapikseli 15, na wa kukata hadi 50mm, unabaki na 7 hivi. Saba zinatosha kuchapisha karatasi ya A4 bila aibu. Kwa hiyo fungu la pili, kama ulikata kidogo tu, Ricoh inalibeba.

Sasa jaribu kumfikia yule ndege wa 200mm. Gawanya 28 kwa 200, unapata asilimia 14 ya upana na asilimia 14 ya urefu. Zidisha hizo mbili, kisha zidisha kwa megapikseli 24. Kinachobaki hakifiki hata nusu megapikseli. Huo ni ukubwa wa picha ndogo ya wasifu, na ndege atakuwa nukta yenye mkia.

Hatua ya 3: Jaribio la chumba chenye taa moja

Hili usiliruke. Ndilo linalofunza kuliko yote, na halikugharimu kitu zaidi ya nusu saa.

Subiri giza liingie. Washa taa moja tu. Mketishe mtu asome kitabu, uso wake nusu kwenye mwanga na nusu kivulini, na awe karibu na nguo nyeusi au kiti cheusi. Weka kamera juu ya meza, usishike mkononi. Sony iache kwenye 24mm kabisa, maana ukiivuta kidogo tu f/2.8 inakukimbia. Kamera zote mbili ziwe f/2.8, kasi 1/60 (sehemu ya sekunde ambayo sensa inapokea mwanga), ISO 3200 (kiasi ambacho kamera inakuza mwanga, kikipanda chenga zinaongezeka), faili za RAW (ghafi, kamera haijazipika). Piga tano tano.

Kwenye kompyuta zifungue pamoja, zikiwa na ukubwa uleule, na uangalie sehemu mbili tu: nywele zilizo juu ya sikio la upande wa giza, na kivuli chini ya kidevu. Kwenye picha ya Ricoh nywele bado zinaachana, unaona moja na nyingine. Kwenye ya Sony zimeshikana zikawa kama doa la rangi ya maji, na chini ya kidevu kuna chengachenga za zambarau na kijani. Kwenye mwanga, shavuni, hutaona tofauti ya maana. Nasisitiza hapo, kwa sababu wengi huangalia shavu wakasema kamera zinafanana.

Sababu ni eneo. Sensa ya Ricoh ni milimita 23.5 kwa 15.6, ya Sony ni 13.2 kwa 8.8. Ukizidisha utaona ya kwanza ni kubwa zaidi ya mara tatu. Taa ni ileile, tundu ni f/2.8 ileile, lakini beseni moja ni pana mara tatu, linakinga mvua mara tatu. Ndiyo maana ISO 3200 ya Ricoh inakaribia kuonekana kama ISO 1000 ya Sony.

Halafu fanya sehemu ya pili. Rudi nyuma ya chumba, ivute Sony hadi 200mm umpige yuleyule. Sasa uko f/4.5, mwanga unaoingia haufiki nusu ya ule wa mwanzo. Zaidi ya hapo, ukivuta, mtikisiko wa mkono nao unakuzwa na mtu akigeuza kichwa kidogo inaonekana, kwa hiyo unataka walau 1/125. Ukijumlisha unadaiwa ISO 16000 na zaidi, na kamera yenyewe inaishia 12800. Hapa ndipo watu wanaposema wameuziwa kamera mbovu. Si mbovu, ila zile 200mm ni za mchana.

Mwenye kupiga majengo usiku asitishike. Jengo halitembei, na kamera zote mbili zina utulizaji wa mtikisiko. Shuka hadi 1/8, shika pumzi, ISO inashuka nayo na pengo la kamera hizi linapungua sana.

Hatua ya 4: Kitu kinachokimbia, na kitu kinachopita

Watu huchanganya haya mawili. Kinachokimbia, mtoto au mbwa, kinahitaji kamera inayokifuata. Sony ina nukta 357 za fokasi (kulenga ili kitu kiwe kikali) zinazopima kwa haraka, inashika jicho la mtu au la mnyama na haliachi, na inapiga picha 20 kwa sekunde. Hapo Ricoh haigombani nayo, na gizani fokasi yake husitasita.

Kinachopita ni habari nyingine. Mtu anakatiza kona, tabasamu linatokea na kuondoka, una nusu sekunde. Ricoh ina kitu kinaitwa Snap Focus: unaiambia kamera umbali mapema, mita 1, 1.5, 2, 2.5 na kuendelea, na ukibonyeza kitufe moja kwa moja hadi chini haitafuti fokasi, inapiga pale pale. Weka mita 2.5 na f/8 wakati wa mchana. Kwa lenzi pana namna hiyo, kuanzia mita moja na kidogo mbele yako hadi mwisho wa macho, kila kitu kinatosha kuwa kikali. Hii ni mbinu ya wapiga picha wa mtaani tangu enzi za filamu. Hakuna kamera inayofuata jicho itakayoishinda, kwa sababu hii haisubiri kuona jicho.

Jizoeze hivi: simama, nyoosha mkono, kadiria mita 2 kwa macho, kisha pima kwa futi kamba. Siku ya kwanza utakosea kwa nusu mita. Baada ya wiki jicho linazoea.

Hatua ya 5: Karibu sana, na mengineyo

Ricoh kwenye hali ya makro inafika sentimita 6 kutoka kwenye ua. Sony inafika 8 ikiwa pana, lakini utamu wake uko kwingine: ukiivuta kabisa inakubali umbali wa mita moja, unampiga kipepeo bila kumkimbiza.

Video usijadili. Sony ina 4K na tundu la maikrofoni, na kioo chake kinainuka ujione. Ricoh inaishia Full HD na kioo hakisogei. Jua kali nalo ni hivyohivyo: Sony ina kidirisha cha kuchungulia kinachochomoza pembeni, Ricoh haina, utakinga kioo kwa kiganja. Flashi pia Sony inayo ndani, Ricoh ina kiti cha kupachika ya nje tu. Betri zote ni dhaifu, picha 200 kwa Ricoh na 260 kwa Sony kwa kipimo cha kawaida cha watengenezaji. Nunua ya pili siku hiyohiyo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, mimi napiga sura za watu, nataka nyuma pafifie vizuri. Si Ricoh moja kwa moja, kwa kuwa sensa yake ni kubwa?

Jibu: Hapana ndugu yangu, na hapa wengi hushangaa. Kwa sura ya mtu, kufifia kwa vitu vilivyo mbali nyuma yake kunategemea zaidi upana halisi wa tundu la lenzi. Lenzi ya Ricoh kwa milimita halisi ni 18.3, gawanya kwa 2.8 unapata tundu la milimita 6.5. Sony ikivutwa kabisa ni 72 halisi. Gawanya kwa 4.5, tundu ni milimita 16. Mtoe mtu nje mchana, msogeze mbali na ukuta, vuta Sony. Isitoshe 28mm ukiisogeza usoni inakuza pua, na mwenye pua atakulaumu wewe.

Swali: Vipi kuhusu GR IIIx?

Jibu: Hiyo ilikuja 2021, ni ndugu yake Ricoh hii, sensa ni ya ukubwa uleule ila lenzi ni 40mm. Kama fungu lako la pili ndilo kubwa kuliko yote, iangalie hiyo kwanza. Kwa ndege bado haitoshi.

Swali: Mwalimu, nina Sony hiyo. Nikipiga picha za haraka ndani, zinatokea na mistari ya giza kama pundamilia. Imeharibika?

Jibu: Haijaharibika, dada. Kwenye picha 20 kwa sekunde inatumia shata (kinachofungua na kufunga mwanga) ya kielektroniki, inayosoma sensa mstari kwa mstari. Taa nyingi za LED zinawaka na kufifia haraka kuliko jicho linavyoona, basi mistari mingine inasomwa taa ikiwa imefifia. Rudi kwenye shata ya kawaida, ya mitambo. Kama umeme wenu ni wa hezi 50 tumia 1/50 au 1/100, kama ni wa 60 tumia 1/60 au 1/120.

Swali: Zinavumilia mvua na vumbi?

Jibu: Hakuna iliyozibwa kwa ajili hiyo. Lenzi inayotoka na kuingia huvuta hewa, na hewa huja na vumbi lake, kwa hiyo kwenye upepo wa mchanga usiwashe na kuzima ovyo. Mfukoni isikae pamoja na sarafu na mabaki ya karatasi.

Swali: Simu yangu ina kamera tatu. Kuna haja kweli?

Jibu: Rudi hatua ya 1. Kama fungu la tatu halifiki picha kumi, na hupigi gizani, hifadhi hela yako, usinunue.

Swali: Nimehesabu kama ulivyosema. Fungu la kwanza 140, la pili 35, la tatu 25. Hizo 25 zote ni za mwanangu akicheza mpira.

Jibu: Mechi ni mchana au usiku chini ya taa?

Swali: Jioni sana, taa zikishawashwa.

Jibu: Basi kwa hizo 25 hakuna kati ya hizi mbili. Sony itamfikia lakini kwa f/4.5 na kasi ya 1/500 anayohitaji mkimbiaji, chenga zitamfunika. Ricoh haitamfikia kabisa. Hapo unataka kamera kubwa yenye lenzi ya kubadilisha, azima ya mtu siku ya fainali. Kwa zile 140 chukua Ricoh.