Taka za jikoni ziwe gesi ya kupikia: vile unaanza na tangi moja ya lita 1,000

Stori ya takataka ikitoka tu lazima mtu aseme serikali ijenge ile mitambo ya kuchoma taka tupate stima. Wacha nianzie hapo, juu ukishaelewa kwa nini kuchoma taka ya kwetu ni kazi ngumu utaelewa pia kwa nini tangi ya nyuma ya nyumba inaweza.

Mtambo wa kuchoma hufanya hivi: taka inaingia kwa tanuru, moto unachemsha maji, mvuke unazungusha tabaini na tabaini inazungusha jenereta. Waethiopia wako nayo Addis Ababa, inaitwa Reppie, ilifunguliwa 2018 kando ya jaa la Koshe, lile liliporomoka 2017 likaua watu zaidi ya 100. Na viwanda vya sukari vya huku Western Kenya vimechoma makapi ya miwa miaka mingi kupata mvuke na stima yao. Lakini makapi yameshakamuliwa. Sasa funua ndoo yako ya taka uangalie, maganda ya viazi, maganda ya ndizi, ugali ya jana, sukuma imenyauka, matumbo ya samaki, yaani hiyo ndoo karibu yote ni maji, na moto kwanza lazima ukaushe hayo maji yote kabla upate joto la kukusaidia.

Njia ingine ni kuozesha. Taka yenye maji ukiifungia mahali hakuna hewa, bakteria wanaila na kutoa gesi, na nusu ya hiyo gesi ama zaidi ni methani, yenye inawaka. Pale Naivasha, kaunti ya Nakuru, Gorge Farm wanafanya hivo na mabaki ya shamba, mtambo wao ni wa megawati 2 na kitu, na stima inayobaki inaingia kwa laini ya taifa. Tangi yako itafanya kazi hiyo hiyo tu kwa udogo, na mimi nakushauri usifikirie stima kabisa. Mita moja ya ujazo ya gesi ukiipitisha kwa jenereta ndogo unapata kama yuniti 2 za tokeni, lakini hiyo hiyo gesi ukiiweka kwa jiko unapika masaa matatu. Stima waachie wakubwa, wewe pika.

Sasa kazi yenyewe.

Kwanza anza kutenganisha taka hata kabla hujanunua paipu moja. Weka ndoo mbili jikoni, moja ya vitu vinaoza na moja ya vile haviozi. Sheria ya taka ya 2022 inatutaka tutenganishe hivo lakini kwa tangi hii ni zaidi ya sheria, juu karatasi moja ya nailoni ikiingia ndani itaelea hapo juu miaka na miaka, zikifika kumi zinafunga paipu na hakuna mtu anataka kufungua hiyo tangi. Usiweke pia mifupa, magunzi ya mahindi, mafuta ya kukaanga, maji ya sabuni ama ya Jik. Malimau na vitunguu weka kidogo sana. Na ukichukua samadi, uliza kama huyo ng'ombe amedungwa dawa hivi karibuni, juu dawa ya kuua bakteria haijui wa kwako ni wazuri.

Watu wengi hukwama hapa kwa hesabu: familia ya watu watano haitoi taka ya kutosha. Mtu mmoja ni kama nusu kilo kwa siku, na yenye inaoza ni kama nusu ya hiyo ama zaidi kidogo, kwa hivyo nyumba nzima ni kilo moja na nusu. Kilo moja ya taka ya jikoni ni kama lita 100 za gesi, na kichomeo kidogo kinakunywa kama lita 300 kwa saa. Ya kwenu peke yake itachemsha chai na mayai basi. Maharagwe hautaivisha. Kwa hivyo tafuta mama mboga. Mimi nina mmoja soko la Kibuye hapa Kisumu, nilimpelekea ndoo ya lita 20 yenye kifuniko nikamwambia, "Mama, kila kitu ungetupa niwekee hapa," akaniuliza, "Na hizo nguruwe zako ziko wapi?" Nilipomwambia ni za kutoa gesi alinyamaza akaangalia ndoo, alafu akasema niongeze ya pili juu Jumapili soko ikijaa moja haitatosha. Ukipata kilo 6 kwa siku uko sawa kabisa na tangi ya lita 1,000, yaani karibu masaa mawili ya moto. Usipite kilo 8.

Tangi ni ile ya plastiki nyeusi ya maji, hata iliyotumika, bora haina ufa. Iweke kwa jua, mbali na madirisha, juu ya kitu tambarare kilichoshindiliwa vizuri juu ikijaa inafika karibu tani moja. Kisumu tuna bahati ya joto, hawa bakteria wanapenda nyuzi 30 hadi 37. Kama uko Nakuru usiku ni baridi, kwa hivyo izungushie majani makavu ama magunia na uijengee kibanda cha nailoni ya grinhausi, la sivyo Julai gesi itakuwa kidogo mno.

Fundi wa maji anatoboa mashimo matatu. La kwanza ni la kulishia, paipu ya inchi 4 inaingia kwa juu na kushuka ndani mpaka karibu na sakafu, na mdomo wake unabaki nje juu ya tangi kama futi moja na nusu. La pili ni la kutoa maji ya mbolea, liko ubavuni pale unataka maji yaishie, kama lita 800, LAKINI ndani paipu yake iwe na kona inashuka mpaka katikati ya tangi. Simama hapo na fundi mpaka aelewe. Paipu zote mbili midomo yake ya ndani lazima izame kwa maji wakati wote, hayo maji ndio kufuli, fundi akikata hiyo ya kutoa ikaishia tu ukutani gesi yote itapitia hapo na utakaa mwezi mzima ukishangaa. La tatu ni la gesi, paipu ndogo ya nusu inchi juu kabisa na valvu yake. Kifuniko cha tangi weka raba na silikoni nzito, juu kile cha kawaida kilitengenezwa kuzuia vumbi, gesi kinaiachilia.

Gesi inawekwa kwa tiubu ya lori. Kwa mafundi wa magurudumu utapata zilizozibwa zibwa, chukua mbili, ziunge kwa mpira na T, kile kiungo cha midomo mitatu. Ukitaka kupika funga valvu ya upande wa tangi, weka ubao juu ya tiubu na mawe mawili matatu, ndio gesi isukumwe mpaka jikoni. Njiani weka mahali pa maji kutulia, T inayoelekea chini na chupa, juu gesi hii hubeba unyevu, na kachupa kengine kenye waya ya kusugulia sufuria iliyoshika kutu, hiyo ndio inakula ile harufu ya yai bovu. Hiyo harufu usiichukulie rahisi, ikiwa nyingi ni sumu na pia inakula jiko. Jiko la mtungi halitakubali vile lilivyo, tundu lake ni dogo sana, mwambie fundi alipanue ama ununue kichomeo cha bayogasi.

Kuanzisha: ndoo 15 za samadi mbichi na ndoo 15 za maji, za lita 20. Kama hauna ng'ombe enda kichinjioni uombe ile ya tumbo, hiyo ni moto zaidi. Maji yawe ya mvua ama ya mto, ya mfereji yalaze wazi siku mbili kwanza dawa itoke. Koroga uvunje madonge yote, mimina, funga, alafu usiguse. Wiki mbili tatu Kisumu, mwezi ama zaidi Nakuru. Tiubu ikijaa mara ya kwanza usiwashe! Ndani bado kuna hewa, na methani ikichanganyika na hewa asilimia 5 hadi 15 inalipuka. Iachilie nje, mbali na moto, ya pili pia iachilie, ya tatu ndio ujaribu. Na kutafuta mahali inavuja tumia povu la sabuni kwa kila kiungo. Kiberiti hapana, hata usiku, hata kama una haraka.

Sasa kulisha, na hapa ndio nataka unisikize vizuri kuliko kwengine kote. Ndani kuna makundi mawili. Moja linavunja chakula kuwa asidi na hilo ni la haraka. Lingine linakula hiyo asidi na kutoa methani, na hilo linaenda polepole. Ukilisha nyingi kwa mara moja lile la haraka linafurika asidi mpaka lile la polepole linakufa. Sisi tulikuwa na matanga hapo nyumbani, ugali na wali ulibaki sufuria mbili kubwa, nikaona ni baraka nikamwaga zote Jumamosi. Jumapili tiubu ilijaa haraka sana nikafurahi. Jumatatu jiko likakataa kuwaka, tiubu imejaa lakini moto unazimika, na kwa paipu ya kutoa maji yanakuja na povu yakinuka kama busaa iliyochacha. Gesi ilikuwa nyingi ndio, lakini karibu yote ni ile isiyowaka. Nilisimamisha kulisha siku 12, nikaongeza ndoo mbili za samadi mbichi, na jivu kikombe kimoja kwa ndoo ya maji siku moja ndio siku moja hapana, mpaka karatasi ya kupima asidi ikarudi karibu na 7. Ikishuka chini ya 6.5 acha kulisha hapo hapo.

Kwa hivyo anza na kilo moja kwa siku wiki ya kwanza, uongeze kilo moja kila wiki. Katakata vipande vya ukubwa wa ukucha ama usage, changanya na maji kiasi sawa, kilo kwa lita. Kila siku saa ile ile. Ugali na wali viwe kidogo kando ya maganda, na samadi kopo moja mara moja kwa wiki hata ukishazoea. Moto mzuri ni wa buluu. Ukiruka ruka, kuna maji kwa paipu, mwaga ile chupa.

Vile unalisha ndivyo maji meusi yanatoka upande wa pili, lita kwa lita. Hayanuki kama taka, yananuka kama udongo umelowa. Changanya moja kwa mbili na maji ya kawaida, mwaga kwa shina la sukuma na si kwa majani, na usimwagie vitu vya kuliwa vibichi kama nyanya na dania. Mama mboga wangu sasa akinipatia ndoo ananipatia na jerikeni tupu juu yake, ya kunde zake, na nisipoirudisha imejaa Jumatano ananipigia simu.