Sato na maji ya kijani: mwani unakulaje samadi yako

Wafugaji wenzangu wa samaki, wote tunajua ukitia samadi bwawa linageuka kijani na sato wanapata chakula cha bure, ila ile samadi inaufikiaje mwani, yale mimea midogo mno inayoelea na kufanya maji yawe kijani, hatuulizani, na ndo maana mtu anamwaga toroli zima siku moja alafu alfajiri anakuta samaki wote wako juu wanahema.

Iko hivi, mwani hauna mdomo, chakula chote kinapita kwenye utando wa seli, na protini iliyomo kwenye kinyesi cha kuku au pumba zilizobaki ni kubwa mno haipiti. Bakteria ndo wanaikatakata mpaka zibaki asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini, na amonia yenye nitrojeni, na hapo kila aina ya mwani ina tabia yake. Aina moja, Chlorella, ina vibebeo kwenye utando, yaani milango ya kuingizia chakula, vinaingiza asidi amino ikiwa imeambatana na protoni (chembe ndogo ya hidrojeni yenye chaji), na ikipata sukari ya glukosi inaongeza vibebeo ndani ya masaa machache tu. Aina nyingine, Chlamydomonas, inachagua sana, asidi amino inayoingiza vizuri nzimanzima ni moja tu, arginini, hizo zingine ikiwa na njaa ya nitrojeni inatoa kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali) nje ya seli kinanyofoa amonia, amonia inaingia, mabaki yanabaki majini. Mimi napenda sana hii, kiumbe huwezi kukiona kwa macho lakini kinajua kutafuta!

Sasa kwako wewe maana yake nini, bakteria wakati wanaozesha wanavuta oksijeni, na usiku mwani nao unavuta, ukizidisha samadi vyote viwili vinamnyang'anya samaki pumzi. Kwaiyo weka kidogo kidogo. Tia kinyesi kikavu kwenye kiroba, kitoboe matundu, kifunge kwenye mti uliosimikwa pembeni kizame nusu, kila siku mbili tatu kitikise, yale maji ya kahawia yanayotoka ndo chakula chenyewe.

Kupima tumia mkono, uzamishe wima hadi kwenye kiwiko: vidole vikipotea maji yanapofika kiwikoni uko sawa, vikipotea maji yako kwenye kifundo tu toa kiroba na punguza pumba, kiwiko kimezama na bado unaviona ongeza. Mchana wa jua kali pH (kipimo cha uasidi wa maji) inapanda na amonia iliyozidi inageuka sumu, na siku za mawingu mfululizo mwani hautengenezi oksijeni ya kutosha, siku hizo kiroba kitoe kabisa.