Somo: Kumpa mgonjwa habari mbaya

Madaktari wenzangu, leo tuzungumzie dakika chache ambazo mgonjwa hatazisahau. Nafuata utaratibu uitwao SPIKES, ulioandikwa mwaka 2000 na Walter Baile, Robert Buckman na wenzao kwa ajili ya wagonjwa wa saratani. Una hatua sita.

1. Andaa mahali. Soma faili upya, funga mlango, zima simu, kisha keti, macho yenu yalingane. Habari hii haitolewi umeshika kitasa.

2. Uliza kabla hujasema: "Mpaka sasa umeelezwa nini kuhusu ugonjwa wako?"

3. Omba ruhusa. Wapo wasiotaka kujua undani, na ni haki yao.

4. Toa habari. Tanguliza onyo: "Majibu si mazuri kama tulivyotarajia." Tulia kidogo. Kisha utaje ugonjwa kwa jina: "Ni saratani." Ukisema "uvimbe" ukidhani unampunguzia uchungu, anaweza kuondoka akiamini ni uvimbe wa kawaida, na kliniki asirudi.

5. Nyamaza. Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Mdomo utakuwasha kueleza dawa, mionzi, asilimia. Vumilia. Niliwahi kukaa na mama aliyeikunja karatasi ya majibu mara nne, mara tano, hata haikukunjika tena, bila kusema neno. Ndipo akainua macho: "Wanangu nitawaambiaje?" Ningekuwa naeleza dozi, swali hilo lisingetoka, nasi tusingelizungumza. Akianza kulia, mwambie tu, "Naona limekuelemea," kisha ungoje.

6. Mpe hatua inayofuata: anarudi lini, atamwona nani. Mwombe akueleze kwa maneno yake alichoelewa.

MASWALI

Swali: Ndugu wakinikataza nisimwambie mgonjwa?
Jibu: Wasikilize, waulize wanaogopa nini. Lakini mwenye habari ni mgonjwa. Muulize yeye angependa kujua kiasi gani, na nani awepo. Mara nyingi ameshahisi.

Swali: Akiuliza, "Nimebakiza muda gani?"
Jibu: Usitaje tarehe. Uliza kwanza kinachomfanya aulize. Huenda kuna jambo anataka kulikamilisha. Kisha kadiria kwa upana, "miezi kuliko miaka," ukimwambia wazi kwamba unaweza kukosea.

Swali: Machozi yakinitoka mimi je?
Jibu: Si kosa, ndugu yangu. Angalia tu asije yeye akaanza kukubembeleza wewe. Ukimaliza, kaa hata dakika tano kabla hujamwita mgonjwa mwingine.