Kushuka mto wenye maji makali kwa boti la mpira pamoja na watoto, siku kadhaa na kulala kambini: namna ya kujiandaa

Maelezo haya niliyaandika kwanza kwa ajili ya dada yangu, alipokuwa anajiandaa kushuka mto na mumewe na watoto wao wawili, kwa siku kadhaa, wakiwa na waongozaji. Wengine wakayaomba, nikaona niyapange vizuri. Kazi yangu ni kuongoza maboti, na jambo ninalolikazia kila familia ni hili: maji makali tuachieni sisi, ninyi shughulikieni usiku. Mtoto aliyelala mkavu huamka mwenyewe na kuulizia jaketi lake. Aliyelala kwenye begi lililolowa ataamka analia, na hakuna wimbi litakalomfurahisha siku hiyo. Ndiyo maana hatua ya nne ni ndefu kuliko zote. Tafadhali usiiruke.

Hatua ya 1: Chagua maji kwanza, kampuni baadaye

Ugumu wa maji makali hupimwa kwa madaraja, I hadi VI. Daraja la I ni maji yanayotiririka bila vikwazo vya maana. La II lina mawimbi madogo na njia inayoonekana wazi. La III lina mawimbi ya kuwalowesha wote na miamba ya kukwepa. La IV linadai boti ligeuzwe kwa usahihi na kwa wakati. La V ni la watu waliobobea, na la VI ni hatari hata kwao. Kwa familia inayoanza, tafuta mto wa daraja la II wenye III hapa na pale. Mtoto wa chini ya miaka 12 sishauri apelekwe kwenye IV, hata kampuni ikikubali.

Daraja lenyewe halitulii. Mto uleule unaweza kuwa mpole mwezi huu na wa kutisha mwezi ujao, kwa sababu ya mvua, theluji inayoyeyuka milimani, au bwawa linalofunguliwa huko juu. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: wiki tutakayokuja, maji huwa kiasi gani, na yakizidi kiasi gani mnapandisha umri wa chini wa watoto? Anayeujua mto atakujibu kwa namba, kwa kawaida mita za ujazo kwa sekunde, na atakuambia wazi siku gani hawachukui watoto wadogo. Anayekujibu "msijali, huwa tunapita tu," mshukuru na utafute mwingine.

Hatua ya 2: Uliza mtapanda boti gani

Kuna boti la makasia, ambalo mwongozaji hukaa katikati akavuta makasia mawili marefu, abiria wakishika kamba tu. Na kuna boti la makafi, ambalo kila mtu ana kafi lake na mwongozaji hukaa tezi, yaani nyuma ya boti, akitoa amri. Watoto wadogo wakae kwenye la makasia. Wenye miaka 12 na zaidi watataka kupiga kafi, na wapewe nafasi hiyo maji yakiwa ya wastani. Mimi hupendelea msafara wenye maboti ya aina zote mbili, kwa sababu mtoto aliyechoka au aliyeogopa huhamishwa boti bila safari kuharibika.

Uliza pia kama waongozaji wamefunzwa uokoaji kwenye maji ya kasi na huduma ya kwanza mahali palipo mbali na hospitali, kama wana simu ya setilaiti, na mgonjwa atatolewaje mkiwa katikati ya korongo lisilo na barabara.

Hatua ya 3: Jaketi la kuokolea

Jaketi la mtoto huchaguliwa kwa uzito wake, umri hausaidii. Itumie kampuni uzito wa kila mtoto mapema, uwe uzito wa wiki hii. Mto ukiwa wa daraja la III, kofia ngumu isikosekane.

Siku ya kwanza, mtoto akishavaa na mikanda yote ikiwa imekazwa kuanzia ya chini kwenda ya juu, shika jaketi mabegani ulivute juu kwa nguvu. Likimfikia masikioni, halimfai. Kaza tena, na likipanda tena omba dogo zaidi. Kwa mdogo kabisa dai lenye mkanda unaopita katikati ya miguu na lenye kola inayobeba kichwa. Rudia kuvuta baada ya kila mapumziko, maana watoto huilegeza mikanda wanapokula.

Hatua ya 4: Nguo na mifuko isiyopitisha maji

Anza na nguo. Maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa, takribani mara 25, na pamba hushika maji na kuyang'ang'ania. Suruali za jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani, au zitunze za kambini ikiwa huko ni joto na kavu kweli. Mtoni vaeni poliesta au sufu nyembamba, na juu yake koti jepesi lisilopitisha maji. Maji yakiwa chini ya nyuzi joto 15, omba suti za mpira kwa kila mtoto, hata kama jua linawaka. Viatu viwe vya kufunika vidole na vyenye kushika kisigino. Ndala huondoka na wimbi la kwanza.

Sasa mifuko. Kwa kawaida kila mtu hupewa mfuko mkubwa wa vitu vya kambini na mdogo wa mchana. Ule mkubwa hufungwa ndani ya shehena asubuhi na hutauona mpaka jioni. Kwa hiyo kila unachoweza kukihitaji saa nne au saa nane mchana kiwe kwenye mdogo: koti, sweta la akiba kwa kila mtoto, kofia, mafuta ya kukinga jua. (Mafuta hayo usiwapake nyuma ya mapaja wala viganjani. Mtoto anayeteleza juu ya mpira uliolowa hawezi kukaa imara.)

Dawa zigawe mafungu mawili yaliyokamilika, yakae kwenye maboti mawili tofauti. Kama mtoto ana pumu au mzio mkali, dawa yake ya dharura akabidhiwe mwongozaji wa boti lake mkononi, naye aonyeshwe namna ya kuitumia kabla hamjaondoka ufukweni.

Mfuko mkubwa ndipo familia zinapokwama, na ndipo nimekaa na watu hadi giza likaingia tukianika mabegi ya kulalia juu ya makasia. Mfuko wenyewe haupitishi maji. Yanapopita ni mdomoni, na mdomo hutegemea mikono ya anayeufunga. Fanya hivi.

Begi la kulalia liingie kwanza kwenye mfuko wake mwembamba usiopitisha maji, ndipo liingizwe kwenye mkubwa. Tabaka mbili, bila mjadala. Nguo za kulalia za kila mtoto nazo ziwe kwenye kifuko chao peke yao, na zisivaliwe mtoni, zisivaliwe kwenye chakula cha jioni, zisivaliwe kuogelea ufukweni hata mtoto akililia. Zinavaliwa akiingia hemani na kuvuliwa kabla hajatoka. Familia inayoshika sharti hili moja hulala vizuri safari nzima.

Usijaze. Mdomo lazima ukunjwe angalau mara tatu, na ukiona unapata mikunjo miwili tu, toa kitu. Kabla ya kukunja, futa kingo zote mbili za mdomo kwa kitambaa kibichi: punje chache za mchanga zikibaki katikati ya mkunjo, maji yameshapata njia. Kisha fanyeni kazi wawili. Mmoja apige goti juu ya mfuko atoe hewa, mwingine auvute mdomo pande mbili mpaka unyooke kabisa, ndipo akunje. Mkunjo wa kwanza ndio unaoamua. Ukiwa na makunyanzi, hata ukikunja mara sita haitasaidia, fungua uanze upya.

Vitu vyenye pembe kali, kama makopo, vitabu vya jalada gumu na masanduku ya vifaa, vifungwe ndani ya nguo na kukaa katikati, kwa sababu mfuko utasuguana na kamba kutwa nzima na pembe hutoboa kutokea ndani. Nguo mbichi zisirudi kamwe humo. Chukua mfuko wa wavu kwa ajili yake. Fulana moja iliyolowa, ikifungiwa na begi la kulalia kwenye jua la mchana, hueneza unyevu kwenye kila kitu ingawa hakuna tone lililoingia kutoka nje, na watu huulaumu mfuko.

Kuhusu aina: kwa tabaka la nje sitaki chochote isipokuwa mfuko mzito wa kukunja mdomo. Mifuko myepesi ya nailoni inafaa ndani tu. Yenye zipu, hata zile zinazouzwa kuwa hazipitishi maji, siipendi kwenye mto wenye mchanga, kwa kuwa mchanga huila zipu.

Mifuko yako ijaribu nyumbani. Weka karatasi ya chooni ndani, funga kama ulivyoelekezwa, izamishe kwenye beseni kwa dakika kumi huku umeikandamiza. Mapovu yakitoka mdomoni, ulikunja vibaya. Yakitoka kwingine, kuna tundu. Ile ya kampuni utaipata ufukweni siku yenyewe na hutaweza kuijaribu, na hiyo ndiyo sababu ya tabaka la ndani kuwa lako.

Mwisho, funga kitambaa cha rangi tofauti kwenye mfuko wa kila mtu. Jioni mifuko yote ya msafara hurundikwa mahali pamoja na yote hufanana. Na mtoto wa miaka saba na kuendelea afundishwe kuufunga wake mwenyewe kabla ya safari, akirudia mpaka azoee.

Hatua ya 5: Maelezo ya usalama kabla ya kuondoka

Wasikilizeni waongozaji, watoto wakiwa mbele. Haya yafundishe mapema nyumbani, ili siku hiyo wasiyasikie kwa mara ya kwanza:

Ukianguka majini, lala chali, miguu juu na imetangulia unakokwenda mkondo. Usisimame kwenye maji yanayokimbia, hata kama yanaonekana mafupi: mguu ukinaswa kati ya mawe, mkondo hukuangusha na kukulaza chini ya maji. Simama pale tu maji yanapokuwa yametulia karibu na ukingo.

Ukirushiwa kamba, shika kamba yenyewe, usishike kifuko kinachorushwa nayo, uipitishe begani ukiwa umelala chali. Usiizungushe mkononi wala kiunoni.

Kwenye boti la makafi, mkono wa juu hauachii kishikio cha kafi. Kafi lililoachiwa huvunja meno ya jirani.

Mwongozaji akisema kushoto au kulia kwa mto, anamaanisha ukiwa umetazama maji yanakokwenda.

Hatua ya 6: Kambini

Hema lipigwe juu ya alama ya maji ya zamani, ile mistari ya vijiti na majani makavu iliyoachwa ukingoni. Kwenye mto wenye bwawa huko juu, maji huweza kupanda usiku bila tone la mvua. Chomeka kijiti pale maji yanapoishia jioni, na kiangalie kabla ya kulala. Kwenye mchanga vigingi vya kawaida havishiki: fukia jiwe au mfuko uliojazwa mchanga, ufunge kamba hapo.

Choo cha msafara ni chombo kinachofungwa vizuri na kubebwa hadi mwisho wa safari. Kuhusu mkojo, sheria hutofautiana mto kwa mto, fuata utakayoambiwa. Watoto wengi hukiogopa choo hiki na kujizuia, na kufikia siku ya tatu tumbo linauma na hamu ya kula imekwisha, wazazi wakidhani ni ugonjwa. Mpeleke mtoto akione mara tu mnapofika, kabla hajakihitaji, kisha mpeleke kila asubuhi kwa utulivu kabla ya msongamano. Anywe maji mengi. Mikono ioshwe hapo kwa sabuni kila mara, wewe ukiwa umesimama unaangalia: ugonjwa wa kuhara ukiingia kambini huwapata wote.

Maji ya kunywa yatasafishwa na waongozaji. Sabuni isiingie mtoni wala kwenye vijito vyake.

Hatua ya 7: Siku ya mwisho

Acha seti moja ya nguo kavu kwa kila mtu kwenye gari litakalowapokea. Mkifika nyumbani, toa begi la kulalia mfukoni usiku huohuo, lianike, na mifuko yenyewe igeuzwe nje ndani, ioshwe mchanga, ikauke kabisa kabla ya kukunjwa.