Kuchapa kitabu chako mwenyewe ukiwa Mbeya au Iringa

Mwandishi anayejigharamia huumia zaidi anapoagiza nakala 1,000 za mswada ambao hakuna mtu mwingine aliyeusoma, eti kwa sababu kwa wingi huo bei ya kila kitabu inashuka. Bei inashuka kweli, lakini kosa la ukurasa wa tatu nalo linachapwa mara 1,000. Anza na nakala 50 hadi 100 kwenye mashine ya kidijitali. Zikiisha na makosa yamejulikana, ndipo uzungumze na kiwanda chenye mashine ya ofseti, ile ya kuchapa kwa wingi.

Mswada ukikamilika, uweke kando wiki mbili au tatu, kisha usome wote kwa sauti. Baada ya hapo unahitaji watu wawili wenye kazi tofauti. Mhariri anashughulika na hoja, mpangilio wa sura na lugha wakati mswada ungali faili la kawaida. Msomaji wa prufu, yaani nakala ya kukagulia makosa kabla ya kuchapa, anakuja mwishoni, kurasa zikiwa zimeshapangwa. Usimpe mtu mmoja kazi zote mbili kwa pamoja ili kubana fedha, maana upangaji wa kurasa wenyewe huzaa makosa mapya: mistari kurukwa, vichwa vya sura kuangukia mwisho wa ukurasa, namba za yaliyomo kutolingana na kurasa.

Kwa huku kwetu, mwambie mhariri aangalie sana l na r. Anayezungumza Kinyakyusa au Kihehe nyumbani anaweza kuandika "kura" akikusudia "kula", au "mahari" badala ya "mahali", na kompyuta haitamstua, kwa kuwa yote ni maneno sahihi. Walimu wa Kiswahili wa sekondari na vyuo vya Iringa na Mbeya wanaifanya kazi hii vizuri. Mpe kwanza kurasa kumi za majaribio, uone anagusa nini, ndipo mpatane malipo.

Upangaji wa kurasa una mitego yake. Ukubwa unaofaa vitabu vingi ni A5, yaani milimita 148 kwa 210. Tumia herufi za nukta 11 au 11.5, na pambizo la ndani liwe pana kuliko la nje, angalau milimita 20, la sivyo maneno yatamezwa na gundi. Ukurasa wa namna hiyo hubeba takribani maneno 300, kwa hiyo mswada wa maneno 40,000 utafika kurasa 130 hivi, na kurasa za mwanzo zikiongezwa utakaribia 144. Idadi hiyo ni nzuri kwa sababu inagawanyika kwa 16: katika ofseti, karatasi kubwa hukunjwa ikatoa kurasa 16, na ukiishia 147 utalipia kurasa tupu. Zima pia ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari unaofanywa na programu. Programu iliyowekwa Kiingereza hukata maneno yetu ovyo, wakati silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu: ku-fu-ndi-sha.

Jalada lipimwe baada ya idadi ya kurasa kujulikana, si kabla. Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina unene wa karibu milimita 0.1. Kurasa 144 ni karatasi 72, yaani milimita 7.2, ongeza unene wa jalada, mgongo unakuwa takribani milimita 8. Faili la jalada zima litakuwa 148 + 8 + 148, halafu milimita 3 za kukatwa kila upande: milimita 310 kwa 216. Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi. Picha iliyopitia WhatsApp imeshabanwa, hivyo hutoka na ukungu hata kama kwenye simu ilipendeza. Karatasi ya jalada iwe ya gramu 250 hadi 300, na ipakwe laminesheni, yaani utando mwembamba wa plastiki. Bila hiyo rangi huchubuka kwenye mikunjo.

Namba ya ISBN, ile ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, Dar es Salaam. Ina tarakimu 13, na za Tanzania huanza na 978-9976, 978-9987 au 978-9912. Iombe mapema, kwa sababu inaingia kwenye ukurasa wa hakimiliki na nyuma ya jalada. Kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja kina namba yake. ISBN ni kitambulisho tu, hailindi haki zako. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, na kwa sheria yetu ya mwaka 1999 hudumu uhai wako wote na miaka 50 baada ya kifo. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya mgogoro. Kama unalenga kitabu kitumike madarasani, nenda kwanza Taasisi ya Elimu Tanzania kwa ajili ya ithibati, kabla hujachapa hata nakala moja.

Sasa mchapaji. Stesheneri nyingi za Mwanjelwa au katikati ya Iringa mjini zinatoa nakala na kuzibana, lakini kubana ripoti ya chuo si sawa na kuunganisha kitabu. Omba kuona kitabu walichokwishafanya, ukifungue katikati hadi kilale, kisha uvute ukurasa mmoja. Ukichomoka, gundi haikushika. Katika baridi ya Juni na Julai, hasa Njombe na Makambako, gundi ya moto hupoa upesi kabla haijaingia kwenye karatasi, kwa hiyo uliza kama chumba chao kinapashwa joto. Angalia pia nyuzi za karatasi: zinapaswa kukimbia kutoka juu kwenda chini, sambamba na mgongo. Zikikaa kwa upana, kitabu kinagoma kufunguka na kurasa zinajaa mawimbi masika yakianza.

Mkataba uandikwe: idadi, gramu za karatasi, aina ya gundi, tarehe, na nani anabeba hasara ya nakala mbovu. Lipa nusu, ukadai sampuli moja kamili. Isome ukurasa kwa ukurasa ukiwa na kalamu nyekundu, na usisaini ruhusa ya kuendelea kwa kuangalia PDF peke yake.

Bei ya kuuzia ndiyo huwaumiza wengi. Tuchukue tarakimu za mfano: uhariri, mpangilio na jalada vimekugharimu shilingi 500,000, uchapaji ni 7,000 kwa nakala na usafiri 500. Ukigawa ile 500,000 kwa nakala 100 tu, kila kitabu kinakula 12,500 pamoja na uchapaji na usafiri. Ukiuza 15,000 na duka likachukua asilimia 30, unabaki na 10,500, yaani hasara. Gawa gharama hiyo ya mara moja kwa nakala 500 unazotarajia kuuza katika matoleo yote: kitabu kinakuwa 8,500, na dukani unapata faida ya 2,000. Ukiuza mwenyewe mkononi, faida ni 6,500. Ndiyo maana nakala 100 za kwanza uziuze mwenyewe kadiri uwezavyo, duka liwe la ziada.

Kama unachapia Dar, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, nakala 50 za kurasa 144 zina uzito wa kilo 10 hivi. Zifungwe kwenye boksi gumu lenye nailoni ndani, kwani buti la basi huvuja. Nyumbani weka maboksi juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu ya saruji. Kwa wa Tukuyu, kwenye mvua nyingi, hili ni la lazima.

Panga uzinduzi baada ya mavuno ya mahindi, Julai hadi Septemba, fedha zikiwepo. Januari ni ya ada. Kitabu cha kilimo au mifugo kipeleke Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Ukiweka dukani kwa mali kauli, andika idadi, tarehe na sahihi ya mwenye duka, kisha upite kuhesabu kila mwezi. Weka nakala moja yako ya kuandikia makosa ambayo wasomaji wanakutajia. Toleo la pili likirekebisha herufi chache tu, ISBN inabaki ileile. Ukiongeza sura, omba nyingine.